Thamani ya Pesa za Kale: Maswali na Majibu ya Marudio

Funika jibu, jaribu swali kwanza, kisha linganisha. Kama nyumbani kwenu Kericho au Bomet kuna mkebe wa sarafu za zamani, uweke mezani ukisoma.

1. Taja thamani nne zinazoweza kuhusishwa na noti au sarafu. (alama 4)

(i) Thamani ya usoni: kiasi kilichoandikwa.
(ii) Uwezo wa kununua: bidhaa utakazopata kwa kiasi hicho.
(iii) Thamani ya madini: bei ya madini yaliyotumika.
(iv) Thamani ya mkusanyaji: bei ambayo mpenzi wa vitu vya kale yuko tayari kulipa.

Ya kwanza haibadiliki. Hizo nyingine hupanda na kushuka, kila moja kwa sababu yake.

2. Kwa kurejelea noti ya shilingi kumi ya 1966, eleza jinsi uwezo wa kununua unavyopungua. (alama 4)

Benki Kuu ya Kenya ilianza kutoa noti zake Septemba 1966. Noti ya shilingi kumi ilikuwa ya kijani: mbele picha ya Mzee Jomo Kenyatta, nyuma watu wakichuma majani chai shambani. Bei za bidhaa zilipopanda mwaka baada ya mwaka, noti ya kiasi hicho ilinunua vichache zaidi. Mwaka 1994 shilingi kumi ikatolewa kama sarafu, na leo inatosha mandazi kibandani. Aliyeificha noti hiyo chini ya godoro hakuibiwa na mtu, ila mfumuko wa bei ulimla polepole.

3. Tofautisha shilingi ya Afrika Mashariki ya 1946 na ya 1948. (alama 3)

Zote zina simba amesimama mbele ya milima. Ya 1946 ina uzito wa takriban gramu 7.8, na robo yake ni fedha halisi:

7.8 × 0.25 = gramu 1.95

Ya 1948 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, haina fedha hata chembe. Kwa hiyo bei ya fedha ikipanda duniani, ya 1946 hupanda nayo, lakini ya 1948 hubaki palepale.

4. "Kitu kikiwa cha kale lazima kiwe ghali." Jadili ukitumia senti kumi ya 1936. (alama 5)

Kauli hii si kweli. Senti kumi, ambayo wazee waliiita peni, ilikuwa na tundu katikati na pembe za ndovu kandokando. Baadhi ya zile za 1936 zina jina la Mfalme Edward wa Nane, aliyetawala Uingereza chini ya mwaka mmoja kabla ya kujiuzulu Desemba 1936. Historia yake ni ya kusisimua, ila sarafu hizo zilitengenezwa kwa mamilioni na bado zinapatikana kwa wingi. Kinacholeta bei ni mambo matatu yakikutana: uhaba, hali nzuri na wanunuzi wanaoitaka. Umri peke yake hautoshi.

5. Eleza kilichoipata noti ya zamani ya shilingi elfu moja mwaka 2019. (alama 3)

Noti mpya zilizinduliwa Narok tarehe 1 Juni, Sikukuu ya Madaraka. Noti ya zamani ya elfu moja ilipewa hadi 30 Septemba. Baada ya siku hiyo ikakosa uhalali, na zaidi ya shilingi bilioni 7 hazikuwa zimerudishwa. Kwa kuwa noti hizo ni zaidi ya milioni 7, mkusanyaji hana haraka ya kuzitafuta.

6. Kogo (nyanya, kwa Kikalenjin) wa Sotik amepata mkebe wenye peni, shilingi za simba na noti moja ya wachumaji chai, imekunjwa mara nne. Mjukuu anataka kuzisugua sarafu kwa jivu na ndimu zing'ae. Mtu aliyepiga simu naye anaahidi mamilioni, mradi atumiwe kwanza "ada ya usajili". Washauri. (alama 4)

(i) Zisisuguliwe. Kusugua hukwangua uso wa sarafu, na mkusanyaji hupunguza bei papo hapo.
(ii) Wasome mwaka ulioandikwa na kutenga shilingi za hadi 1946.
(iii) Ada isitumwe. Mnunuzi wa kweli hulipa, halipishwi.
(iv) Mjukuu amuulize kogo noti ile aliipataje, na aandike jibu lake kabla ya kuuza chochote.

*Kumbuka:* Wanafunzi wengi husahau hoja ya (iv). Kila mkunjo humpunguzia muuzaji bei, lakini kama noti ile ilikuwa malipo ya majani aliyochuma kogo mwenyewe, mikunjo hiyo ni ya vidole vyake. Hakuna soko la kuinunulia nyingine kama hiyo.