Kubadilisha Diski katika Hifadhi ya Data ya Nyumbani

Wapo watumiaji ambao picha za harusi, hati za viwanja, vyeti vya shule vya watoto na hesabu za biashara zao wamezihifadhi katika kisanduku cha diski kilichounganishwa na ruta ya nyumba, ili kila mwanafamilia azifikie kwa simu au kompyuta yake. Diski, kama mtambo wowote unaozunguka, huchakaa, na siku ya kuibadilisha haina budi kufika. Katika somo hili tunaeleza namna ya kufanya kazi hiyo kwa usalama. Hoja yetu kuu ni moja: aghalabu data haipotei wakati diski ya kwanza inapokufa, bali hupotea katika saa zinazofuata, mwenye kisanduku anapofanya haraka kukitengeneza.

Kwa nini data hubaki diski moja inapokufa

Visanduku hivi hutumia utaratibu uitwao reidi, ambao kwenye skrini huandikwa kwa herufi RAID. Jina hilo lilitokana na makala ya mwaka 1988 ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walioonyesha kwamba diski nyingi za bei nafuu zikishirikiana zaweza kuchukua nafasi ya diski moja ya gharama kubwa.

Katika reidi 1, kila faili huandikwa kwenye diski mbili. Katika reidi 5, yenye diski tatu au zaidi, kisanduku husambaza hesabu maalumu katika diski zote, na kwa hesabu hizo huweza kuunda upya data ya diski moja iliyokufa. Reidi 6 huvumilia kufa kwa diski mbili. Reidi 0 haina kinga yoyote: diski moja ikifa, data yote imekwenda. Kabla ya kugusa chochote, mtumiaji hana budi kujua kisanduku chake kinatumia utaratibu upi.

Tunasisitiza pia kwamba reidi si nakala rudufu. Faili likifutwa kwa bahati mbaya, hufutwa katika diski zote kwa wakati mmoja. Moto, wizi na radi navyo havichagui diski.

Kabla ya kununua diski mpya

Diski mpya iwe na ukubwa ulio sawa na wa ile ya zamani au kuuzidi. Ikiwa ndogo hata kidogo, kisanduku kitaikataa. Mtumiaji asishangae akiona diski ya terabaiti 4 ikionyeshwa na kompyuta kuwa na 3.6 tu. Mtengenezaji huhesabu kwa maelfu kamili, ilhali kompyuta nyingi huhesabu kwa 1,024. Huo si udanganyifu wa muuzaji.

Aulize pia kama diski ni ya aina ya CMR au SMR. Katika diski za SMR, mistari ya data hupandana kama vigae vya paa, hivyo kuandika upya mstari mmoja hulazimu kuandika upya na ile ya jirani. Wakati wa ukarabati, diski ya namna hiyo yaweza kuchelewa mno hata kisanduku kikaidhania kuwa mbovu. Mwaka 2020, baada ya malalamiko ya wateja, kampuni ya Western Digital ilitaja hadharani diski zake zilizotumia SMR, zikiwamo baadhi za jina la WD Red zilizouzwa kwa ajili ya visanduku hivi. Kwa kazi tunayoieleza hapa, CMR ndiyo chaguo salama.

Mwisho, adai risiti yenye namba tambulishi ya diski, na ahakikishe kwamba namba hiyo ndiyo iliyo kwenye lebo. Akishaiweka diski katika kisanduku, asome taarifa za afya yake na kuangalia saa ilizokwisha kufanya kazi. Diski iliyouzwa kama mpya huku ikionyesha maelfu ya saa ni diski iliyotumika, na mnunuzi ana haki ya kuirudisha.

Hatua za kufuata

1. Nakili kwanza data muhimu kwenye diski ya nje au mahali pengine nje ya kisanduku, kisha fungua mafaili machache kuhakikisha yanasomeka.

2. Itambue diski mbovu kwa namba yake tambulishi. Usitegemee nafasi yake pekee, kwa maana visanduku vingine huanza kuhesabu kutoka 0 na vingine kutoka 1. Kuchomoa diski nzima na kuiacha mbovu ndilo kosa linaloweza kuangamiza kila kitu.

3. Soma kijitabu cha kisanduku. Ikiwa hakiruhusu diski kutolewa kikiwa kinawaka, kizime kwa amri yake, si kwa kuchomoa waya wa umeme.

4. Gusa chuma kisichopakwa rangi ili kuondoa umeme tuli mwilini. Subiri diski iache kuzunguka, uishike kwa kingo zake, na usiguse saketi zake.

5. Ingiza diski mpya, kisha chagua amri ya kukarabati. Usichague kamwe amri ya kuunda hifadhi mpya, kwa kuwa hiyo hufuta kilichopo.

6. Subiri ukarabati ukamilike ndipo uguse diski nyingine. Hata anayebadilisha diski zote ili kuongeza nafasi hubadilisha moja baada ya moja.

Saa za hatari

Diski ya terabaiti 4 inayoandika megabaiti 150 kwa sekunde huhitaji zaidi ya saa 7 kujazwa. Ya terabaiti 12 huhitaji zaidi ya saa 22, na zaidi ya hapo ikiwa kisanduku kinaendelea kutumiwa. Katika muda huo, kisanduku cha reidi 1 chenye diski mbili, au cha reidi 5, hakina kinga tena, na diski zilizobaki, ambazo huenda zilinunuliwa siku moja na ile iliyokufa, hufanyishwa kazi nzito. Ndiyo maana hatua ya kwanza haiwezi kurukwa.

Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, kisanduku kiunganishwe na betri ya dharura, ile inayojulikana madukani kama UPS. Endapo diski ya pili itakufa kabla ya ukarabati kwisha na hakuna nakala, tunamshauri mtumiaji azime kisanduku na kumtafuta mtaalamu wa kuokoa data. Kila jaribio la kubahatisha hupunguza kinachoweza kuokolewa. Mwenda pole hajikwai.

Diski iliyotolewa

Diski mbovu bado ina siri za nyumba. Kufuta mafaili peke yake hakutoshi. Ifutwe yote kwa programu maalumu, na ikiwa haiwaki tena, sahani zake zitobolewe au zivunjwe kabla ya kuitupa. Ikiwa ingali na waranti, mtumiaji aulize kwanza kama muuzaji ataidai irudishwe, kisha apime thamani ya waranti dhidi ya thamani ya siri hizo.

Maswali ya kujipima

Je, kisanduku chako kinatumia reidi ipi? Nakala rudufu yako ya mwisho ni ya tarehe gani, na iko wapi? Namba tambulishi ya kila diski umeiandika mahali? Asiyeweza kujibu maswali haya matatu asingoje taa nyekundu iwake. Ayatafutie majibu leo, diski zote zikiwa bado nzima.