Mafunzo Niliyopata Nikisimamisha Mahema Kenyenya

Nakodisha mahema ya mazishi, harusi na harambee. Huku Kenyenya, Kisii, boma moja hukupa ardhi ya kila namna: nyasi mbele ya nyumba, migomba ikiteremka kuelekea mtoni, murram langoni. Ndiyo maana mtaimbo wangu hutangulia hema.

1. Udongo mwekundu una majira yake. Januari hupindisha kigingi usipoumwagia maji na kungoja yanywewe. Aprili kigingi huzama kwa mapigo machache tu, na hicho ndicho nisichokiamini, kwa sababu kilichoingia kirahisi hutoka kirahisi. Hapo naongeza cha pili nyuma yake, nikivuta kamba kutoka kichwa cha kwanza hadi shina la cha pili.

2. Kigingi kiinamishe, kichwa kielekee nje, mbali na hema. Kamba ifungwe chini kabisa, iguse udongo. Ukiifunga juu, kila upepo ukivuma unakitikisa kigingi na kupanua tundu lake.

3. Palipolimwa hapashiki kitu. Kwenye mazishi jambo hili ni gumu, maana familia hutaka hema likaribie kaburi, na pale udongo umechimbuliwa na kurundikwa tangu alfajiri. Huwa namwendea mzee wa boma kwa upole: "Baba, turuhusu tulisogeze kidogo." Akikataa, tunachimba mtaro wa kina cha mkono mzima, tunalaza ndani yake kipande cha mkaratusi kilichofungwa kamba katikati, tunafukia na kushindilia kwa miguu. Kazi ni kubwa, lakini afadhali jasho kuliko hema kuangukia jeneza.

4. Murram itobolewe kwa mtaimbo kwanza, halafu kigingi kinene cha chuma. Kwenye saruji ni uzito tu. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji ni kilo 20, ambazo upepo huziburuta bila shida. Kila mguu ufungiwe kadhaa, au magunia ya mchanga.

5. Tazama saa kuliko unavyotazama anga. Upepo wa Ziwa Victoria hupanda milima hii mchana, ukakutana na ule wa mashariki, na alasiri inashuka mvua ya radi, pengine ya mawe. Kisii hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Basi kamba nazikagua saa saba, kabla wanasiasa hawajafika na hotuba zao. Ya nailoni hulegea ikilowa, kwa hiyo ikazwe tena mvua ikianza. Ya katani hujikaza yenyewe hadi kung'oa kigingi, kwa hiyo ilegezwe kidogo. Pia turubai lisibonyee: sentimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni kilo 10, na dimbwi likishaanza hujivutia maji zaidi. Weka kijana mwenye mti mrefu, ncha yake imefungwa kitambaa, alisukume kutoka chini.

6. Mti mrefu uliosimama peke yake usiufanye nguzo. Radi za huku si za mchezo, na nguzo za hema ni chuma.

7. Muulize mama wa nyumba bomba la maji limepita wapi. Wazee wengi hukumbuka mpaka wa shamba. Bomba analijua anayechota maji.