Dondoo Muhimu: Parafujo za Chuma Kisichoshika Kutu

Ewe mkazi wa Buruburu, Umoja au Kayole, kabla hujafunga komeo la lango kwa parafujo ulizonunua Kamukunji au Kariobangi, tafadhali zingatia haya:

1. Zijaribu kwa sumaku. Zikinasa kwa nguvu, aghalabu ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki.
2. Chagua daraja la A2 kwa nyumba ya Nairobi, na A4 ukiwapelekea jamaa wa Mombasa, penye chumvi ya bahari.
3. Usilazimishe nati ya M6 katika parafujo ya robo inchi, kwani hesi zake hazipatani.
4. Pakaza grisi, ukaze taratibu. Ukiharakisha, nati hung'ang'ania isifunguke kamwe.
5. Tia washa ya plastiki panapogusana na mabati, yasije yakaliwa na kutu.

Fanya kazi kwa subira, nayo itadumu.