KUMWUGUZA ALIYE KARIBU KUFA

Swali: Mganga akisema hawezi tena kumponya mgonjwa, je, kazi ya kumwuguza imekwisha?
Jibu: Hasha. Iliyokwisha ni kazi ya kuponya.

Jibu hili ni fupi, na mtoto aweza kulikariri kwa siku moja. Kulitenda ni jambo zito, na watu wa Ndosho wanajua kwa nini.

Ndosho ni mtaa wa mji wa Goma, upande wa magharibi, kando ya barabara iendayo Sake. Huko iko hospitali ya CBCA, yaani ya Wakristo Wabaptisti, ambamo wapasuaji wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu wamefanya kazi miaka mingi pamoja na wauguzi wenyeji. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini na Goma ikatwaliwa na wapiganaji wa M23, majeruhi waliletwa huko kwa mamia. Vitanda havikutosha. Watu walilazwa sakafuni, na wengine chini ya mahema.

Siku kama hizo haiwezekani kuwahudumia wote kwa mara moja. Kwa hiyo Msalaba Mwekundu una desturi ya kuwagawanya majeruhi wa vita katika mafungu manne. Fungu la kwanza ni la wale wapaswao kupasuliwa upesi, la sivyo watakufa. La pili ni la wawezao kungoja, na la tatu la wenye majeraha madogo. Fungu la nne ni la wale ambao majeraha yao ni makubwa hata upasuaji usingewaokoa, na saa zitumiwazo kwao zingewakosesha wengine uhai.

Mama asikiaye habari ya fungu la nne kwa mara ya kwanza huuliza, "Basi, mwanangu ametupwa?" Ana haki ya kuuliza. Lakini desturi hiyo haisemi kwamba mtu aachwe. Yataka alazwe mahali penye utulivu, afunikwe, apewe dawa ya kutuliza maumivu, na kutunzwa kwa heshima. Tena yataka achunguzwe mara kwa mara, maana hali hubadilika, na wengine wakiisha kuhudumiwa, huenda yeye naye akapelekwa kupasuliwa.

Basi, muuguzi wa mtu kama huyo hufanya nini? Kwanza hutazama midomo. Mtu aliye karibu kufa hupumua kwa kinywa, na kinywa chake hukauka. Muuguzi hulowesha kitambaa safi kwa maji, akampangusa midomo na ulimi, kidogo kidogo, mara nyingi. Hamimini maji kooni mwa mtu asiyeweza kumeza, kwa maana yatamwingia mapafuni na kumsonga. Humgeuza kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda vya mgongo na viuno. Akikoroma kwa makohozi, humlaza kwa ubavu. Humbadili nguo zenye uchafu bila kukunja uso, na humsitiri mbele ya watu, kwa sababu mtu mahututi naye anaona haya. Humwita kwa jina kabla ya kumgusa. Hata asipojibu husema naye, maana yawezekana bado anasikia. Kwa hiyo ni vibaya sana jamaa kuzungumza bei ya sanduku karibu na kitanda chake, jambo ambalo hutokea mara nyingi kuliko watu wapendavyo kukiri.

Mtakatifu Kamili wa Lellis (1550–1614) alijua kazi hiyo. Alikuwa askari na mcheza kamari, mwenye kidonda cha mguu kisichopona mpaka kufa kwake, naye aliwakusanya watu wa kuwatumikia wagonjwa, hasa waliokuwa wakikata roho. Tangu mwaka 1586 walivaa msalaba mwekundu kifuani, karibu miaka mia tatu kabla ya ule wa Geneva.

Kuhusu maumivu, wengi huogopa dawa iitwayo mofini, wakidhani apewaye amehukumiwa kufa. Ikipimwa vizuri haiui. Mjini Kampala, mwaka 1993, Daktari Anne Merriman, Mwingereza aliyewahi kuwa mtawa, alianzisha nyumba ya Hospice Africa Uganda. Huko unga wa mofini huchanganywa na maji, ukatiwa katika chupa, na mgonjwa hunywa nyumbani kwake bila sindano. Tangu mwaka 2004 Uganda imewaruhusu wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuiandika wenyewe, kwa kuwa madaktari ni wachache na vijiji ni vingi. Dawa hunywewa kwa saa zilizopangwa, kila baada ya saa nne, kabla maumivu hayajarudi. Kumngoja mgonjwa mpaka alie ndipo apewe ni kosa. Naye Papa Pius XII alifundisha mwaka 1957 kwamba ni halali kutuliza maumivu hata kwa dawa impunguziayo mgonjwa fahamu, ikiwa hakuna njia nyingine. Kumwua kwa kusudi ni jambo tofauti kabisa, na halina ruhusa.

Si kila mtu hufia hospitalini. Fikiri habari ya mzee mwenye ugonjwa wa ini, aliyerudishwa nyumbani. Binti zake wamempikia uji, naye anakataa. Mmoja amemshika kichwa, mwingine anasukuma kijiko kati ya meno. Wanafanya hivyo kwa upendo, na kwa hofu pia, kwa kuwa majirani watasema, "Walimwacha baba yao afe kwa njaa." Muuguzi aingiapo hawagombezi. Huketi, kisha huwaambia, "Mama zangu, Baba hafi kwa kukosa uji. Anaukataa kwa sababu mwili wake hauwezi tena kuutumia. Mkimlazimisha atasongwa." Halafu humpa mkubwa kitambaa chenye maji, na mdogo mafuta ya kumpaka baba yake miguuni.

Mzee akiuliza, "Mwanangu, je, nitapona?" jamaa wote hutazama chini, na mmoja hujibu upesi, "Utapona, Baba." Muuguzi mwenye hekima huuliza kwanza, "Baba, wewe mwenyewe wafikiri nini?" Mara nyingi mzee ameisha kujua. Ana deni la kulipa, au shamba ambalo mipaka yake yeye peke yake anaijua, au ndugu waliyegombana naye miaka kumi. Uongo wa huruma humnyang'anya siku hizo chache, akafa akiwa na maneno yake moyoni.

Hapo ndipo padri aitwe, wala si usiku ule wa mwisho. Wengi humchelewesha wakidhani mafuta matakatifu huleta kifo. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulisema mwaka 1963 kwamba jina la Mpako wa Wagonjwa lafaa kuliko lile la Mpako wa Mwisho, maana si sakramenti ya wanaokata roho tu.

Swali: Je, mkatekumeni akiwa katika hatari ya kufa na padri yuko mbali?
Jibu: Mtu yeyote aweza kumbatiza, akimmiminia maji na kusema maneno ya ubatizo, akikusudia lile ambalo Kanisa hutenda. Lakini mgonjwa mwenyewe lazima ayajue mafundisho makuu ya imani, autake ubatizo, na kuahidi kuzishika amri. Asiyetaka asimwagiwe maji kwa hila alipolala. Huo ni udhalimu. Na mkatekumeni akifa kabla ya maji kufika, Kanisa humzika kama mmoja wa watoto wake.

Akiisha kufa, muuguzi humfunga macho, hulaza viungo vyake, na huwaacha jamaa wakae naye kabla ya kumwondoa. Katika magonjwa mengine haiwezekani. Wakati wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, miaka ya 2018 hadi 2020, kumwosha na kumkumbatia maiti kulieneza ugonjwa, na zaidi ya watu 2,200 walikufa. Wajane walikatazwa kuwagusa waume zao. Pale wazikaji walipoficha mambo, watu walidhani wamenyang'anywa mtu wao, wakarusha mawe. Pale walipomwita mtu wa jamaa atazame kwa mbali, wakamruhusu kuleta nguo ya marehemu na kumwombea, mazishi yalifanyika kwa amani.

Anabaki yule mlinzi wa mgonjwa: dada au shangazi aliyelala majuma matatu chini ya kitanda, akipika uani na kufua. Siku ya mazishi kila mtu humtazama mjane, na yeye hakuna amwulizaye kama amekula. Wakatekumeni wawili wakimpelekea makala na bidoni la maji siku ya nne, wageni wakiisha kwenda zao, wakae kidogo. Ataanza kueleza jinsi mgonjwa alivyokuwa usiku ule, saa ngapi aliomba maji, na ni nani alikuwa amemshika mkono.