SOMO LA VIJANA: WASIFU WA MHASIBU ANAYEANZA



Somo letu leo ni wasifu, yaani yale maelezo binafsi ambayo ninyi mwayaita sivii. Hapa Dodoma wengi wenu mwasoma uhasibu: Chuo cha Elimu ya Biashara, Chuo Kikuu cha Dodoma, ama Chuo cha Serikali za Mitaa kule Hombolo. Mwatuletea karatasi zenu tuzisome, nasi tumeona kosa moja linalojirudia. Kijana huona haya kwamba hajawahi kuajiriwa, basi huijaza karatasi maneno makubwa.

Mmoja aliandika kwamba "alisimamia fedha" za ofisi alikofanyia mafunzo kwa vitendo. Tukamwuliza, "Kila siku ulifanya nini hasa?" Akainama, akajibu, "Mwalimu, nilipanga hati za malipo kwa namba na kuziingiza katika daftari la fedha. Mwisho wa mwezi nililinganisha daftari na taarifa ya benki." Tukamwambia, "Mwanetu, hayo ndiyo ya kuandika!" Mwajiri hatazamii mwanafunzi awe amesimamia ofisi. Atafuta mtu wa kumkabidhi kitabu cha stakabadhi akalala usingizi.

Basi shikeni haya:

1. Jina liwe kama lilivyo katika vyeti. Anwani na namba ya simu ziwe za kuaminika.

2. Elimu: tajeni chuo, ngazi na mwaka. Aliyefanya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, aandike hatua aliyofaulu, asiandike anayoitarajia.

3. Kazi: andikeni mahali, muda na kiasi. "Niliingiza hati 40 kila wiki kwa majuma 8" hushinda "nina uzoefu mkubwa". Aliyemsaidia mhazini wa mtaa kuhesabu sadaka, au aliyetunza vitabu vya kikundi cha kuweka na kukopa, asidharau. Hiyo nayo ni kazi ya hesabu.

4. Wadhamini: matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huomba watatu. Mchague aliyekuona ukifanya kazi, hata kama hana cheo kikubwa, nawe umwombe ruhusa kwanza.

5. Kurasa mbili zatosha. Mpe mwenzako aisome kabla hujaituma; tarehe zisizopatana katika wasifu wa mhasibu ni aibu maradufu.

Kwa nini twasisitiza ukweli? Tarehe 28 Aprili 2017, papa hapa Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, naye akaagiza waondolewe kazini. Baadhi yao walikuwa wametumika miaka mingi, wana nyumba na watoto shuleni. Uongo wa karatasi moja ulingoja, kisha ukadai.

Ninyi mmefundishwa kwamba malipo yasiyo na hati hayapiti kwa mkaguzi. Basi kila mstari wa wasifu wako uwe na hati yake: cheti, barua, au mtu atakayesema, "Naam, nilimwona."

Zoezi: Chukua wasifu wako leo. Kando ya kila mstari andika ushahidi wake. Usio na ushahidi, ufute. Kisha tuleteeni uliobaki, tuusome pamoja.