UMEME NA MOYO: DAWA AMA HATARI?



Wengi wanauliza: kuran inaua mtu, namna gani basi waganga wanasema umeme unaweza kusaidia moyo ulioharibika? Tujifunze pamoja.

Moyo ni nyama inayojikaza mara 100.000 hivi kwa siku. Kila pigo linaanzishwa na umeme mdogo sana unaozaliwa ndani ya moyo wenyewe. Mshipa unaoulisha damu ukiziba, sehemu ya nyama ile inakufa, na kovu linashika pahali pake. Kovu halijikazi. Na nyama ya moyo wa mtu mzima haioti tena kama ngozi ya mkono.

Ndiyo sababu wataalamu wanatafuta njia. Mwaka 2004, huko Marekani, Milica Radisic, Gordana Vunjak-Novakovic na wenzao walieleza jinsi walivyokuza chembe za moyo wa panya katika maabara, wakizipa umeme mdogo unaopiga kama moyo. Kwa siku 8 chembe zilijipanga na kushikana, na mkazo wao ukawa mkubwa mara 7 kuliko wa zile zisizopewa umeme. Lakini kutia kiraka cha namna hiyo kwenye moyo wa mtu bado ni utafiti.

Dawa iliyopo ni betri ya moyo. Inawekwa chini ya ngozi ya kifua, waya wake unafika moyoni na kuuamsha ukichelewa kupiga. Mtu wa kwanza kuwekewa ni Arne Larsson wa Sweden, mwaka 1958. Aliishi mpaka 2001. Leo inawekwa hata Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Inaongoza pigo; haiondoi kovu.

Basi, anayekuuzia sokoni mashine ya umeme ya kuotesha moyo upya, anakula pesa yako bure. Kifua kikikubana, kimbilia hospitali.

Umeme wa dawa umepimwa. Ule wa waya wa kazini unafanya moyo utetemeke bila kusukuma damu. Mwenzako akikamatwa:

1. Usimguse. Kata kuran kwanza.
2. Asipoitika wala kupumua vizuri, ita msaada. Kandamiza katikati ya kifua kwa mikono miwili, sentimeta 5 hivi kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika.
3. Usiache mpaka apumue ama muganga afike.

Moyo uliokufa hauna duka la kuuza mwingine. Tuulinde ule tulio nao.