SOMO LA KUJITOLEA: NIYA NJEMA NA MICHE ILIYOKUFA

 

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu wapenzi, wale mnaohifadhi matoleo ya nyuma ya jarida hili huenda mkaikumbuka picha ya wanafunzi wetu ufuoni, suruali zimekunjwa hadi magotini, kila mmoja ameshika mche wa mkoko, na sisi walimu tumesimama nyuma tukiwa na bango la kitambaa. Chini ya picha tuliandika kwamba madrasa imepanda miche 400 kwa siku moja. Hilo lilikuwa kweli. Ambalo hatukuliandika, kwa kuwa siku ile hatukulijua, ni kwamba kabla ya kusi kwisha hapakubaki hata mche mmoja. Tumeona ni haki yenu kulijua, na somo la mwaka huu tumelijenga juu yake.

Kujitolea ni kutoa nguvu zako, wakati wako au ujuzi wako kwa ajili ya wengine bila ya kutaka ujira kwao. Wazee wetu walikuwa na kazi za ujima: kusafisha kisima, kuezeka nyumba ya mjane, kuchimba kaburi. Hakuna aliyelipwa na hakuna aliyepigwa picha. Katika dini yetu jambo hili lina mahali pakubwa. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba Muislamu akipanda mti au akalima, kisha ndege, mtu au mnyama akala humo, huandikiwa sadaka. Hadithi hiyo ndiyo tuliyowasomea wanafunzi asubuhi ile kabla ya kupanda gari. Hatukukosea kuisoma. Tulikosea pale tulipodhani kwamba kuisoma kunatosha.

Hebu tueleze yaliyotokea. Ilikuwa likizo ya Aprili, kusi likianza kuvuma. Tulichagua sehemu ya ufuo iliyo wazi, kwa sababu ilikuwa karibu na barabara na ilionekana tupu, nasi tukasema, patupu pajazwe. Mbegu za mkoko, yale matunda marefu kama vijiti, tuliyachuma kutoka msitu ulio jirani, mengine hata hayajakomaa. Tukayachomeka mistari kwa mistari katika mchanga, tukapiga picha, tukala wali, tukarudi. Baada ya miezi mitatu tulirudi kutazama. Vijiti vichache vilikuwa vimesimama, vimekauka, vimegandwa na vidudu vya gamba vya baharini. Vingine vilikuwa vimekwenda na bamvua.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa pembeni akitengeneza wavu wake. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akatwambia kwa upole: "Maalim, hapo mlipopanda ni mchanga, na kusi likivuma mawimbi hupiga papo hapo. Mkoko hupenda tope, nyuma kidogo. Hapa tangu enzi za babu zangu hapajawahi kuota mkoko."

Tukamuuliza, "Mzee wetu, mbona hukutwambia siku ile?"

Akasema, "Mlikuja na bango. Hakuna aliyeniuliza."

Maneno hayo yalitutia haya, na mpaka leo tunayakumbuka. Tulikuwa watu wazima wanne, wawili kati yetu tuna stashahada, na mbele yetu alikuwapo mtu aliyeijua ile pwani kama tunavyoijua sisi Juzuu Amma.

Maulamaa wamelizungumza jambo hili zamani. Fudhayl bin Iyadh (r.a.), alipoeleza amali iliyo bora ni ipi, alitaja sifa mbili zinazokwenda pamoja: iwe safi, yaani kwa ajili ya Allah peke yake, na iwe sahihi. Yeye alikusudia usahihi wa ibada kwa kufuata Sunna, lakini mwanafunzi mwenye akili ataona kwamba kazi ya mikono nayo ina usahihi wake. Anayemfunga mgonjwa bandeji kwa niya njema na mikono michafu amemdhuru.

Na usahihi wa kazi za dunia huulizwa kwa wenye kazi. Katika Sahihi Muslim mna kisa cha watu wa Madina waliokuwa wakichavusha mitende yao. Mtume (s.a.w.) alisema kwamba huenda wakiacha itakuwa bora, wakaacha, mazao yakapungua. Walipomweleza, aliwarudishia jambo lao, akawaambia kwamba wao ndio wajuao zaidi mambo ya dunia yao. Ikiwa Mtume wa Allah aliwaachia wakulima ujuzi wa mitende yao, sisi walimu wa chuo ni nani hata tusimuulize mvuvi habari ya ufuo wake?

Kisa tunachokipenda zaidi ni cha Salman al-Farisi (r.a.), nacho amekipokea Imamu Ahmad. Salman alikuwa mtumwa Madina, na bwana wake alikubali kumwacha huru kwa mitende 300 ipandwe ipate kuota, pamoja na wakia 40 za dhahabu. Mtume (s.a.w.) akawataka masahaba wamsaidie ndugu yao. Mmoja akaleta miche 30, mwingine 20, mwingine 15, mwingine 10, kila mtu kwa kadiri aliyokuwa nayo. Kisha Mtume hakumwambia akapande. Alimwambia akachimbe mashimo kwanza, na akimaliza amwite. Masahaba wakamsaidia kuchimba, na Mtume akaja akaipanda kwa mkono wake, na haukufa hata mmoja. Zingatieni, enyi wanafunzi, kwamba wale walioleta miche 30 na 20 hawakutajwa majina. (Nasi tulipigwa picha na bango!)

Baada ya aibu yetu tuliamua kwenda kujifunza Gazi, kijiji kilichoko kusini mwa Mombasa katika kaunti ya Kwale, ambacho wapenda historia wanakijua kwa Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui. Mikoko ya huko ilikatwa sana katika miaka ya 1970 kwa kuni za viwanda na kwa boriti. Mwaka 1991 wataalamu wa taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, KMFRI, walianza kupanda upya pamoja na wanakijiji. Hawakupanda popote palipo wazi. Waliangalia kwanza maji hujaa na kupwa vipi, udongo ni wa namna gani, na mti gani ulikuwapo hapo kabla. Maana mikoko si mti mmoja: mlilana husimama mbele ukitazama bahari, mkoko hukaa nyuma yake kwenye tope, mkandaa nyuma zaidi, na mchu huweza kuonekana mbele na pia huko juu kwenye chumvi na mchanga. Mahali pengine hapahitaji kupandwa kabisa. Ukifungua njia ya maji iliyozibwa, bahari yenyewe huleta mbegu.

Mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni walianza mradi wa Mikoko Pamoja, wakilinda hekta 117. Miti hiyo hunyonya hewa ya kaboni na kuihifadhi katika tope, na huduma hiyo huuzwa kwa watu wa nje wanaotaka kufidia moshi wao. Fedha zinazopatikana, wanakijiji wenyewe ndio wanaoamua zifanye nini, na zimekwenda katika maji na vitabu vya shule. Mwaka 2017 mradi ulipata tuzo ya Equator ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Na pale kwenye mizizi ndipo kamba, kaa na samaki wachanga wanapokulia, kwa hiyo nyavu za wavuvi nazo zina fungu lake.

Wageni wa kujitolea kutoka Ulaya na kwengineko nao wamefika Gazi, wakijilipia gharama zao. Kazi waliyopewa ni ile iliyohitajika: kupima unene wa mashina, kuhesabu miche, kuandika, chini ya uongozi wa wanaojua. Si kila mahali huwa hivyo. Kuna vijiji vingi barani kwetu ambako mgeni huja wiki mbili kujenga ukuta asioujua, na fundi wa kijijini ameketi chini ya mwembe hana kazi. Tusiwacheke wageni hao. Sisi tulitoka kilomita chache tu, tunasema lugha moja na wenyeji, na tulifanya lile lile.

Mwaka jana tulirudi ufuoni, mara hii bila bango, na yule mzee akiwa mbele yetu na fimbo yake. Alituonesha pa kupanda, akatukataza kuchuma tunda mtini, tuokote yaliyoanguka yenyewe. Tulipanda miche 60 tu. Wanafunzi wengine walinung'unika kwamba ni michache. Tulipokwenda kuihesabu katika mwezi wa Shaabani ilikuwa imebaki 41, na 6 kati yake ilikuwa imeliwa majani na mbuzi.

Zoezi kwa darasa la tano na kuendelea: kabla ya safari ya Aprili, kila mwanafunzi aende kwa mzee mmoja wa mtaani kwake, mvuvi, mkulima au mkunga, amsalimu kwa adabu, amuulize ni kazi gani ya kijiji inayohitaji mikono na ni kazi gani haitaki kuguswa. Majibu yaandikwe kwenye daftari, ukurasa mmoja, yaletwe kwa mwalimu wa zamu siku ya Alhamisi baada ya Alasiri.